Simu ya Kogo, au historia fupi ya nani huandika stima ikipotea

Nimepotea tena, najua. Mara hii kisingizio ni cha kweli: nilikuwa nyumbani Kiptere, na ukikaa Kiptere wiki mbili hukosi siku ambayo tarakilishi inageuka kuwa sinia la kuwekea vikombe. Kwa wasiopajua, Kiptere iko Kericho, upande wa Sigowet ukielekea Sondu. Chai mlimani, mahindi na ng'ombe mabondeni, na nguzo za stima zilizopita katikati ya yote hayo zikiegemea upande upendao upepo.

Kabla ya kurudi Nairobi nilifanya jambo dogo la kiwazimu. Nilichukua simu yangu ya zamani, ile yenye kioo kilichopasuka, nikaichomeka kwenye soketi ya sebuleni kwa kogo (nyanya yangu), nikaiandikia programu ya mistari kama arobaini hivi. Kazi yake ni moja tu: simu ikiacha kupata chaji, andika saa, ikianza tena, andika saa. Kila asubuhi inanitumia ujumbe mmoja wenye orodha. Basi.

Kogo aliitazama siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akauliza, "Sasa wewe, hiyo simu inamwandikia nani?"

Nikamwambia inaniandikia mimi.

"Na wewe unampelekea nani?"

Sikuwa na jibu, na nyinyi mnanijua: swali nisiloweza kulijibu hunipeleka kwenye makabrasha. Kwa hiyo makala ya leo si ya lugha za programu. Ni historia ya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria kama lina historia: stima ikikatika katika nchi hii, nani analazimika kuandika, anamwandikia nani, na tangu lini?

Tuanzie Pwani, maana stima yetu ilianzia huko. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alipata jenereta iliyokuwa imenunuliwa na Sultani Barghash wa Zanzibar mwaka 1875. Kampuni ya umeme ya Mombasa ikaanza. Mwaka huohuo mhandisi Clement Hertzel akapewa haki ya kuisambazia Nairobi stima. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting, na jina halikuwa la majigambo, maana mwaka 1932 kampuni ilinunua sehemu kubwa ya TANESCO na mwaka 1936 ikapata leseni za Uganda pia. Kampuni moja, nchi tatu!

Iliripoti kwa nani? Kwa wenye hisa. Leseni ilitoka kwa serikali, ndiyo, na baadaye waziri ndiye aliyekuwa na kauli kuhusu bei, lakini hesabu iliyoandikwa kila mwaka ilikuwa ya faida na ya uniti zilizouzwa. Hilo lina mantiki yake. Wateja walikuwa wachache, wa mijini, na giza la saa mbili lilimfikia meneja kwa simu ya mteja mwenyewe kabla hajamaliza kunywa chai.

Na huku kwetu? Makampuni makubwa ya chai ya Kericho hayakungoja. Tangu zama za ukoloni yalijijengea mitambo midogo ya maji kwenye mito ya mashamba yao, na kiwanda kikawasha mashine kwa mto wake chenyewe. Ukitaka kujua mtu anaithamini vipi stima isiyokatika, angalia kama amejijengea ya kwake. Mkulima mdogo hakuwa na mto wa kujengea chochote.

Mwaka 1954 iliundwa kampuni nyingine, Kenya Power Company, ili ijenge laini ya kuleta umeme wa Owen Falls kutoka Tororo hadi Nairobi. Baadaye zikaja kampuni za mabwawa ya Tana. Kwenye karatasi zilikuwa kampuni tofauti, lakini aliyeziendesha zote alikuwa yuleyule, East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Anayezalisha, anayesafirisha, anayesambaza na anayekwambia mambo yalikwendaje: mtu mmoja.

Sisi watu wa programu tunalijua tatizo hili vizuri. Ni kama kumwachia aliyeandika programu aandike na majaribio yake, ayaendeshe peke yake, kisha akutumie barua pepe kwamba yote yamepita. Huenda yamepita kweli. Utajuaje?

Mabadiliko yalikuja mwaka 1997 na Sheria ya Nguvu za Umeme. Wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa mbele, walikuwa wamebana, na serikali ilikuwa ikitaka wazalishaji binafsi waingie. Uzalishaji ulitengwa na leo tunauita KenGen. Usafirishaji na usambazaji ukabaki Kenya Power. Na kwa mara ya kwanza ikaundwa bodi ya kusimamia, Electricity Regulatory Board, yenye mamlaka ya kupitia bei, kuidhinisha mikataba ya kununua umeme na kusikiliza malalamiko. Fikirini: kutoka 1908 hadi 1997, miaka 89 bila msimamizi aliye nje ya kampuni na nje ya ofisi ya waziri.

Bodi haikupewa hata muda wa kuvuta pumzi. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa ya Tana, na mwaka 2000 nchi ikaingia kwenye mgao mkali. Walioishi wakati huo wanakumbuka ratiba za mgao gazetini. (Mimi nilikuwa mtoto mdogo, ninachokumbuka ni koroboi na vitabu vya shule vya kaka yangu vikinuka mafuta ya taa.) Lakini tazama jambo hili: mgao ni giza linalotangazwa. Lina ratiba, lina sababu, na lina wa kulisimamia. Giza la Kiptere ni la aina nyingine kabisa, haliko kwenye ratiba wala halifiki gazetini.

Sheria ya Nishati ya 2006 iliigeuza bodi kuwa tume, ERC, iliyoanza kazi mwaka 2007 ikiwa na mafuta ya petroli pia mikononi. Mwaka 2008 ikaundwa Ketraco ya kujenga laini kubwa. Kisha Sheria ya Nishati ya 2019 ikaleta EPRA, ambayo ndiyo ipo hadi leo, pamoja na baraza la kusikiliza rufaa. Sheria hiyo ya 2019 ilifanya mawili ninayoyapenda. Ilizungumzia fidia kwa mteja anayepata hasara kwa sababu ya umeme mbovu. Na ilisema mwendeshaji wa mfumo, yaani yule anayekaa mbele ya vioo na kuamua mtambo gani uwake na laini gani izimwe, ateuliwe na EPRA. Kwa maneno mengine, kiti hicho si urithi wa anayeuza.

Sasa tufike kwenye vipimo, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na ndipo kuna jibu la swali la kogo.

Ripoti za EPRA hutumia vipimo vinavyotumika karibu duniani kote, vilivyowekwa sawa na chama cha wahandisi cha IEEE katika kiwango namba 1366. Cha kwanza ni SAIDI: jumla ya saa ambazo wateja walikaa gizani, ukigawanya kwa idadi ya wateja wote. Cha pili ni SAIFI: ni mara ngapi mteja wa wastani alikatikiwa. Cha tatu ni CAIDI: ikishakatika, inachukua muda gani kurudi. Hesabu ya darasa la sita, hakuna uchawi.

Lakini wastani ni mnyama mjanja. Chukua mfano wa kubuni. Kuna wateja 100,000. Kati yao 98,000 wako mjini na vitongojini, na kila mmoja anakosa stima saa 3 kwa mwezi. Waliobaki 2,000 wako mwisho wa laini ndefu milimani, na kila mmoja anakosa saa 60. Jumla ni saa 414,000. Gawanya: saa 4 na dakika 8 hivi. Ndiyo namba itakayoingia kwenye ripoti. Waziri ataisoma bungeni na itasikika vizuri sana. Wale 2,000 wapo ndani ya namba hiyo, wamesagwa kama majani ya chai, na hakuna mtu atakayewaona.

Tena kuna kanuni ya siku za maafa. Toleo la 2003 la kiwango hicho linakuruhusu utenge siku ambazo mambo yaliharibika kupita kiasi, dhoruba kwa mfano, ili zisipotoshe picha ya utendaji wa kila siku. Kwa mhandisi ni jambo la busara kabisa. Kwa aliyelala gizani siku hiyo, ni kama kuambiwa siku yake haikuwepo.

Na kuna swali gumu zaidi: data yenyewe inatoka wapi? Laini kubwa inayotoka kwenye kituo cha kupozea umeme, wenyewe wanaiita fida, ikizimika kituoni inajulikana, kwa sababu swichi imeruka na kuna kifaa kimeona. Lakini transfoma ya kijiji ikiungua, au waya mmoja ukianguka baada ya mti kukatika, kituoni hakuna kilichoruka. Habari inaanza kuwepo mtu anapopiga simu. Mtu asipopiga, au akipiga ikaita tu, saa haijaanza kuhesabiwa. Mita zetu za tokeni nazo hazisaidii. Tulianza kuzitumia mwaka 2009, na nyingi za majumbani ni bubu: unaziingizia tarakimu 20, zinakupa uniti, wala hazimwambii yeyote chochote.

Hapa niruhusuni nichepuke kidogo, maana ni utamu wa wenye fani. Kila tokeni imebeba ndani yake idadi ya dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, imehifadhiwa kwa biti 24. Mbili kipeo cha 24 ni 16,777,216. Dakika hizo ni miaka 31 na miezi karibu 11, kwa hiyo hesabu iliisha tarehe 24 Novemba 2024, dunia nzima! Ndiyo maana mwaka huo mliletewa namba ndefu za ziada za kuingiza kabla ya tokeni yenyewe. Kogo aliziingiza zote bila kukosea hata moja, akiwa na miwani yenye mguu mmoja. Mfumo umehesabu dakika miaka thelathini ili usidanganywe kwenye malipo. Dakika za giza hakuna aliyeuambia uzihesabu.

Turudi. Kwa muda fulani kulikuwa na kichocheo kimoja kikubwa cha kupima, nacho kilitoka nje. Ripoti ya Benki ya Dunia iitwayo Doing Business, iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, katikati ya miaka ya 2010 ilianza kutoa alama kwa uhakika wa stima, ikitumia SAIDI na SAIFI na kuuliza kama kuna msimamizi anayefuatilia. Serikali nyingi zikashtuka na kuanza kupima kwa bidii. Tatizo ni kwamba kwa nchi kama Kenya ripoti hiyo ilitazama jiji moja tu, Nairobi. Ukitaka alama, pima Nairobi, tengeneza Nairobi. Ripoti yenyewe ilifutwa mwaka 2021 baada ya kugundulika kasoro katika data za baadhi ya nchi. Nilicheka peke yangu niliposoma hayo.

Wamarekani walijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Giza la Novemba 1965 liliwakuta watu milioni 30 hivi kaskazini mashariki mwa nchi, na mwaka 1968 makampuni yakaunda chombo cha pamoja, NERC, cha kuweka kanuni za uhakika wa gridi. Kanuni zilikuwa za hiari. Ukivunja, unaombwa usirudie. Miaka 35 ikapita hivyo.

Tarehe 14 Agosti 2003, saa nane na dakika 14 mchana, katika chumba cha uongozi cha kampuni ya FirstEnergy huko Ohio, mfumo wa kengele za tahadhari ulinyamaza. Ulikuwa programu ya General Electric iitwayo XA/21, na ndani yake mlikuwa na kosa ambalo kila mwanaprogramu analiogopa: michakato miwili iligusa data ileile kwa wakati mmoja, ikakwama kwenye mzunguko usioisha. Kengele hazikulia. Mbaya zaidi, hakukuwa na kengele ya kusema kwamba kengele zimekufa. Laini kubwa zilikuwa zikilegea kwa joto la mzigo, zikigusa miti ambayo haikupogolewa, zikianguka moja baada ya nyingine, na waliokaa mbele ya vioo waliona kimya wakadhani ni amani. Saa kumi na dakika kama kumi jioni gridi ilibomoka. Watu milioni 50 gizani, Marekani na Kanada.

Baada ya uchunguzi ikaja sheria ya 2005, na kuanzia Juni 2007 kanuni zikawa lazima, zenye faini ya hadi dola milioni moja kwa siku kwa kila kosa. Kupogoa miti kukawa kanuni. Na kuna fomu, DOE-417, ambayo kampuni hulazimika kuijaza na kuipeleka serikalini: kwa matukio makubwa, ndani ya saa moja. Saa moja! Hujui sababu bado, hujui wa kulaumiwa bado, lakini umeandika kwamba limetokea, lini na wapi. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu muhimu kuliko faini.

Sisi je? Tuna orodha yetu. Juni 2016 tumbili alianguka juu ya transfoma pale Gitaru, megawati zaidi ya 180 zikapotea, mitambo mingine ikazidiwa, nchi nzima ikazimika. (Tumbili alipona. Dunia yote ilicheka, lakini nawaomba mfikirie kama wahandisi: mfumo gani unaangushwa na mnyama mmoja?) Januari 2022 minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka baada ya vyuma vyake kuhujumiwa. Agosti 25, 2023, saa nne kasorobo usiku, giza tena, na safari hii hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukawa gizani, bosi wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Novemba na Desemba mwaka huohuo, tena. Septemba 6, 2024, laini ya Loiyangalani hadi Suswa iliruka ikiwa imebeba megawati 288, na kiungo cha Ethiopia kikafuata.

Tukio la Agosti 2023 ndilo linalonifundisha zaidi. Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa megawati 270 za upepo wa Turkana. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba wao walilazimika kujitoa kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Nani kati yao alitangulia? Hilo ni swali la milisekunde, na jibu lake liko kwenye kumbukumbu za mitambo, si kwenye taarifa kwa vyombo vya habari. Ndiyo maana mwenye kushika hizo kumbukumbu asiwe mmoja wa wanaobishana.

Kwa giza la nchi nzima angalau tunabishana. Kwa giza la Kiptere hakuna wa kubishana naye. Na si kwamba ni dogo. Mradi wa kuunganisha vijiji ulioanza 2015, uliposhusha ada kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, ulileta stima kwa mamilioni. Wateja sasa ni zaidi ya milioni 9. Ni jambo jema, kogo ni mmoja wao. Lakini laini zimerefuka milimani, na kila mteja mpya mwisho wa laini ndefu ni mtu ambaye wastani utamficha.

Kiwanda cha chai kinajua gharama yake. Majani yaliyovunwa asubuhi hulazwa kwenye mabanda na kupulizwa hewa kwa feni saa nyingi ili yanyauke, kisha hukatwa, huachwa yachachuke, hukaushwa. Uchachukaji hausubiri. Stima ikipotea katikati, jenereta isipowaka haraka, chai inapita kiwango chake na mnunuzi wa mnada wa Mombasa anaijua kwa kuitazama tu. Jenereta ikiwaka, ni dizeli, na dizeli inalipwa kutoka fungu lilelile linalotoa bonasi ya mkulima. Kwa hiyo saa za giza ambazo hazimo kwenye ripoti yoyote zimo kwenye bonasi ya kogo. Huko zimeandikwa vizuri sana, kwa shilingi.

Na kichekesho cha mwisho: maji ya mto Sondu yanashuka kutoka Mau yakipita nchi hii yetu ya chai, kisha yanazungusha mitambo ya Sondu Miriu, megawati 60 tangu 2008, na ya Sang'oro, megawati 21 tangu 2012. Kutoka Kiptere si mbali. Mvua ikinyesha sana kwetu, mitambo ile inafurahi na sisi tunatafuta mishumaa.

Simu sasa ina miezi mitatu sebuleni. Orodha imekuwa ndefu, na imenifundisha jambo ambalo wastani wowote usingenionyesha: kwa kogo stima hupotea zaidi jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa nne, wakati wa kupika na watoto kusoma. Nimeichapisha kwenye karatasi mbili. Mjomba, ambaye ni mmoja wa wawakilishi wa wakulima kituo cha kununulia chai, ameomba nakala aende nayo mkutanoni, na jirani wa bonde la pili ameleta simu yake ya zamani akitaka iandikiwe programu kama hiyo. Transfoma yake ni nyingine, kwa hiyo tutaweza kulinganisha.

Kogo aliuliza tena juzi inamwandikia nani. Nikamwambia kwa sasa ni mjomba. Akasema basi mjomba aandikiwe kwa herufi kubwa, macho yake si mazuri. Nimebadilisha ukubwa wa herufi. Betri ya simu imeanza kuvimba. Nikienda mwezi ujao nitabeba nyingine.